Bolti ya Mkozaki

Kuna wanawake wanaokusanya vitenge mpaka kabati linagoma kufungwa, na hakuna anayewauliza kitu. Rukaiya binti Jamaldini alikusanya bunduki kuukuu za Kirusi, na Arusha nzima ikajipa ruhusa ya kumuuliza. Mashoga zake wa Kijenge walimuuliza kama anazipika au anazivaa. Polisi walimuuliza kwa maandishi. Kaka yake Najim alimuuliza kila walipoonana, hata Idi, mdomo umejaa pilau. Rukaiya aliwajibu wote neno moja, kwamba amerithi, kisha akaendelea na shughuli zake.

Na kweli alirithi. Marehemu Mzee Jamaldini alikuwa fundi bunduki, akitengeneza silaha za wawindaji wakati makampuni ya uwindaji yakijaa mjini. Wateja walileta bunduki za kifahari zenye nakshi za fedha, yeye akazitengeneza, akazirudisha, na wala hakuzitamani. Moyo wake ulikuwa kwa ile bunduki moja ya askari wa Urusi, ndefu, nzito, ya kuvuta bolti, kile chuma cha kusukumia risasi mtutuni, kwa mkono kila unapotaka kupiga. Mtu asiyejua akiziona zimepangwa ukutani anaona mti ule ule na chuma kile kile. Ajuaye anaona kwamba hii ilitengenezwa Tula, ile Izhevsk, ile pale Ufaransa kwa sababu viwanda vya mfalme wa Urusi vilizidiwa, na hii ya mwisho Marekani. Huo ndio ugonjwa wenyewe, na Rukaiya aliupata mapema, akiwa bado anabebeshwa kopo la mafuta na baba yake.

Baba alipofariki, duka likabaki kwake, pamoja na chumba cha chuma nyuma ya duka, vibali vyake, na bunduki zenyewe zikiwa zimetolewa pini ya kufyatulia, haziwezi kumdhuru hata panya. Likabaki pengo moja. Ukutani palikuwa na bunduki ya Wakozaki, wale wapanda farasi wa mfalme. Zao zilitengenezwa chache, hazikufungwa singe, na juu ya mtutu zikagongwa herufi tatu za Kirusi ambazo Rukaiya angeweza kuzitambua kwa kupapasa kidole gizani. Zilizobaki duniani ni za kutafuta kwa tochi. Hii ilifikaje mlima Meru, kila mtu alikuwa na hadithi yake, na hakuna hadithi mbili zilizofanana. Ila haikuwa na bolti. Pale ambapo bolti inapaswa kulala palikuwa wazi, na bunduki nzima ikakaa kama kibogoyo anayecheka.

Bolti za bunduki hizo zinapatikana, ukiwa na subira na watu. Rukaiya aliletewa kadhaa, akazirudisha zote. Kiwandani Mrusi aligonga namba moja kwenye mtutu na namba hiyo hiyo kwenye bolti, na yeye alitaka bolti iliyozaliwa na mtutu wake. Muuzaji mmoja alijaribu kumletea bolti iliyokwanguliwa na kugongwa namba mpya. Rukaiya aliivuta karibu na miwani mara moja, akamfungulia mlango bila kumwambia kwaheri. Kwenye mambo ya namba hakuwa na mzaha, na sifa hiyo ilimfikia kila mfanyabiashara wa vitu vya kale kutoka Arusha mpaka Nairobi. Akisema ni yenyewe, ni yenyewe.

Aliyemuuzia baba yake bunduki ile aliitwa Gidion, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Olasiti. Ilikuwa ya babu yake Yoeli, ikamfikia yeye kwa urithi, akaifikisha kwa Mzee Jamaldini kihalali, polisi wakiwa na taarifa. Kuhusu bolti alisema hajui. Lakini alisema hivyo akiangalia pembeni, na Rukaiya ni mtu wa kuona macho yanakokwenda. Basi kila Ijumaa baada ya swala alikwenda Olasiti, akakaa kwenye benchi la wateja katikati ya mabati na misumari, akaagiza soda. Hakugombana wala hakutukana. Alikaa tu. Wateja wakaanza kumuuliza Gidion kama yule mama anamdai, na hilo ndilo lililomshinda.

"Dada Rukaiya, utaniharibia biashara," alisema siku moja, akivuta kiti. "Bolti ipo. Iko kwa koko Nashipae, kule Ng'iresi. Nenda mwenyewe. Mimi huko siendi, na usiseme nimekutuma."

"Kwa nini huendi?"

"Nenda, utaambiwa."

Ng'iresi iko juu ya Sekei, mahali ambapo barabara inaacha kujifanya barabara. Rukaiya alipanda akiwa na kilo mbili za sukari na kitenge kipya, akijiona amejiandaa. Alimkuta Nashipae anachambua maharage uani, bibi mwembamba wa Kiarusha, mgongo umenyooka, masikio yametobolewa tundu kubwa za zamani. Koko, yaani bibi, ndivyo wajukuu walivyomwita kwa lugha yao, na Rukaiya naye akamwita hivyo.

"Shikamoo, koko."

"Marahaba. Umetoka wapi?"

Rukaiya alieleza. Alieleza vizuri, kwa adabu, kuhusu baba yake, bunduki na bolti. Bibi aliendelea kuchambua maharage mpaka maelezo yakaisha.

"Kwa hiyo mtutu uko kwako."

"Uko kwangu, koko."

"Basi ni wewe uliyekosa msiba wa mama yangu," alisema Nashipae, na kwa mara ya kwanza akainua uso. "Tulikusubiri mpaka jua likazama. Hukuja."

Hapo ndipo Rukaiya alipoambiwa. Zamani, Nashipae akiwa binti, nyati walikuwa wanashuka kutoka msituni na kumaliza mahindi. Alfajiri moja kaka yake Saning'o alikwenda shambani na rafiki yake Yoeli, mwenye bunduki. Kwenye ukungu Yoeli aliona kitu kinasogea, akapiga. Haikuwa nyati. Wazee wa koo mbili walikaa, ng'ombe wa kulipia roho wakatolewa, na kila mtu akadhani yameisha. Ndipo mama wa Saning'o akasimama. Akasema ng'ombe watakufa na nyama yao italiwa, yeye anataka kitu kisicholiwa. Akataka bolti. Bunduki ibaki kwa Yoeli bila bolti, na bolti ikae kwake. Na yeyote atakayekuwa na mtutu, pakiwa na msiba au sherehe nyumbani kwa Saning'o, aje, akae karibu na mlango, watu wamwone. Asipokuja, amesema kwamba aliyekufa alikuwa nyati.

Yoeli alikuja maisha yake yote. Mwanawe alikuja. Gidion alisoma, akahamia mjini, akaona hayo ni mambo ya wazee, akauza.

"Koko, sisi tulinunua tu," Rukaiya alisema. "Tuna risiti."

"Risiti utamwonyesha Mrusi. Mtutu uko kwa nani?"

"Kwangu."

"Basi. Jumamosi ijayo mjukuu wangu anapata kipaimara."

Mtu mwingine angeshuka mlima akicheka, awe na kisa cha kusimulia harusini. Rukaiya alishuka ameuma meno. Kama njia ya kufika kwenye bolti inapita mlangoni kwa Nashipae, basi atakaa mlangoni kwa Nashipae mpaka kizingiti kimzoee. Jumamosi alifika amevaa baibui yake nyeusi, akakaa karibu na mlango, Mwislamu peke yake katikati ya Walutheri wanaoimba, na hakuna aliyemsemesha. Nashilu, binti mkubwa wa Nashipae, alimpitishia soda bila kumtazama, kama mtu anayemwekea paka chakula. Rukaiya akainywa yote, akasema asante.

Alirudi kwenye msiba wa shemeji yao, mvua ikinyesha, viatu vikabaki kwenye tope. Alirudi kwenye send-off. Alirudi walipozika kichanga ambacho hakikuwa kimepewa jina bado, na siku hiyo alilia bila kujiuliza anamlilia nani. Baada ya hapo Nashilu alianza kumtazama. Siku moja akamletea loshoro, ule uji mzito wa mahindi na maziwa ya mgando, kwenye kikombe cha wageni, akasimama pale pale mpaka Rukaiya akaonja.

"Ni chachu," alisema Rukaiya.

"Ndiyo inavyotakiwa. Malizia."

Najim alicheka mpaka akakohoa. "Umeolewa Ng'iresi na sisi hatujala mahari," alimwambia. "Yote hayo kwa kipande cha chuma?"

"Kwa bolti," alijibu Rukaiya. Na alimaanisha. Hata Nashipae alipoumwa kifua, yeye ndiye aliyempeleka hospitali, akalala naye kwenye benchi, akamlisha uji, na moyoni alijiambia kwamba anaitunza njia ya kuipata bolti. Mtu akiamua jambo hujidanganya kwa urahisi ajabu, mradi uongo huo unamsogeza mbele.

Nashipae alipona. Wiki chache baadaye akapiga simu mwenyewe, akipayuka kama vile Kijenge ni ng'ambo ya mlima.

"Rukaiya! Nimekaa na wanangu tumeongea. Mama yangu alisema chuma kikae kwetu mpaka mwenye mtutu atakapokuwa mtu wetu. Sasa umekuwa. Njoo Jumamosi ukichukue. Na uje na mtu wa kuchinja, mbuzi asiliwe na sisi peke yetu."

Rukaiya aliweka simu, akakaa chini kwenye sakafu ya duka. Alifurahi mpaka akaogopa. Aliwajulisha polisi kwamba Jumatatu atawapelekea kipuri cha kusajiliwa na kutolewa pini. Alikisafisha kitambaa cha kufutia chuma. Usingizi ulimpaa usiku uliofuata kama msichana wa kuposwa, naye alikuwa na wajukuu.

Jumamosi Najim alichinja mbuzi uani kwa Nashipae, kwa kisu kikali na bismillahi safi, na Walutheri wakamsifu mkono wake. Watu walijaa. Na karibu na mlango, mahali pa Rukaiya, alikuwa amekaa Gidion. Rukaiya ndiye aliyemwita, akamwambia kama una haya njoo ukazimalizie huko. Gidion alikuwa amevaa suti na jasho linamtoka. Hakuna aliyemfukuza, na hilo peke yake lilikuwa jambo kubwa.

Nashipae alitoka ndani amebeba kifurushi cha shuka jekundu. Alikifungua mbele ya watu wote. Bolti ilikuwa inang'aa, haina kutu hata chembe, kwa maana mama yake aliipaka mafuta ya kondoo, na yeye baada ya mama yake, miaka yote hiyo.

"Pokea, mwanangu."

Rukaiya alipokea kwa mikono miwili. Uzito wake ulikuwa ule ule alioutarajia, ubaridi wake pia. Akashusha miwani, akaigeuza kwenye mwanga, akatafuta namba, akaiona. Akaisoma. Akaisoma tena kuanzia mwisho kwenda mwanzo.

Haikulingana. Haikukaribia kulingana. Hata alama ya kiwanda ilikuwa ya Izhevsk, na mtutu wa Mkozaki ni wa Tula. Bolti hii na mtutu ule havikuzaliwa pamoja. Alikaa mlangoni pale, akanyeshewa, akazika watoto wa watu, kwa namba ambayo huenda ilipotea kwenye ghala la jeshi la Urusi kabla babu yake hajazaliwa. Na kabla akili haijamshika mkono, ulimi wa dukani ukasema ulichozoea kusema.

"Siyo yenyewe."

Aligundua alichokifanya alipomwona Nashilu anaweka chini sinia la nyama.

"Siyo yenyewe?" alisema Nashilu. "Kwa hiyo kina Yoeli walimpa bibi yetu chuma kingine? Walitudanganya siku ya damu?"

"Hapana!" Gidion alisimama, kiti kikaanguka. "Babu yangu alitoa hiyo hiyo! Asingeweza, alikuwa anamlilia Saning'o mpaka anakufa!"

"Na wewe ukauza mtutu! Tutakuamini vipi?"

Wanaume wawili upande wa migomba walisimama. Rukaiya aliinua mkono, akaanza kueleza kwamba jeshini bolti huchanganywa, askari wanasafisha bunduki kumi kwa pamoja wanarudishia yoyote, kwamba huenda Yoeli aliipata ikiwa hivyo hivyo, kwamba namba kutolingana si wizi. Alieleza mambo ya kweli tupu na hakuna aliyemsikia. Aliona wazi kwamba kwa maneno mawili amerudisha watu wale kwenye ukungu wa alfajiri ile, safari hii bila wazee wa kuwatenganisha. Aliona aibu, na aibu ilimchoma mpaka masikioni.

"Nyamazeni," alisema Nashipae. Hakupaza sauti, ila walinyamaza. Alimgeukia Rukaiya. "Hiyo namba aliandika nani?"

"Mrusi, koko. Kiwandani."

"Mrusi alikuwepo tulipomzika kaka yangu?"

"Hakuwepo Mrusi, koko."

"Mimi nilikuwepo. Nilimwona Yoeli anaivuta kwenye bunduki, anamkabidhi mama. Sasa wewe unasema siyo yenyewe. Mimi sijui kusoma namba za Warusi, siwezi kubishana na wewe." Akanyoosha mkono kuelekea migombani, kwenye kaburi la saruji lililopakwa chokaa. "Nenda kamwambie Saning'o. Mwambie kilichomuua siyo hicho."

Hakuna aliyesogea kumsaidia. Najim alishika kisu chake akiangalia chini. Rukaiya akatembea, bolti mkononi, baibui ikikwaruza majani makavu ya migomba, na watu wote wakamfuata kwa macho. Kaburi lilikuwa fupi kuliko alivyofikiri. Saning'o alikufa kijana sana. Jina lake lilikuwa limeandikwa kwa kidole kwenye saruji ikiwa bado mbichi, na Rukaiya, ambaye kwa miezi yote ile alikuwa amepita pembeni ya kaburi hilo akiwahi mlangoni, alikuwa hajawahi kulisoma.

Akalisoma sasa. Akafungua mdomo aseme ukweli wake, ule uliomjengea heshima mpaka Nairobi, na ukweli huo ukagoma kutoka. Alimwona mama anayepaka chuma mafuta ya kondoo mwaka hata mwaka kwa sababu hakuna kichwa cha mwanawe cha kupaka. Kama mama yule aliijua kuwa ndiyo, nani mwingine duniani wa kuikataa? Akaamua. Hakusukumwa na mtu, na hakuonewa huruma na mtu. Aliamua kama alivyoamua kila kitu maishani mwake, mara moja na kwa meno yaliyoumana.

"Ni yenyewe," alisema.

"Umesema nini?" Nashipae aliuliza kutoka uani.

"Nimemwambia ni yenyewe, koko."

"Sema kwa nguvu. Masikio yake yalikuwa mabovu tangu utoto. Ndiyo maana hakumsikia Yoeli alipoita."

Rukaiya alijaza kifua. "Ni yenyewe, Saning'o!" alipaza sauti mpaka kuku wakaruka. "Ni yenyewe, kaka yangu! Yoeli hakukudanganya!"

Kisha akalia, kwa sauti, bila kujizuia, bolti ameibana kifuani mpaka mafuta ya kondoo yakaingia kwenye baibui. Nyuma yake alimsikia Gidion naye anaangua kilio cha mtu mzima. Alipogeuka, Nashilu alikuwa ameokota kile kiti kilichoanguka na kukisimamisha, anamwambia Gidion akae, nyama inapoa.

Jioni Najim aliendesha gari kushuka Sekei taratibu, akikwepa mashimo. Rukaiya alikaa pembeni yake, kifurushi chekundu mapajani, macho yamevimba. Walipofika kwenye lami Najim alishindwa kuvumilia.

"Dada, niambie mimi nduguyo. Ile namba. Ililingana au haikulingana?"

"Kesho kutwa naipeleka polisi, jioni naiweka kwenye bunduki," alisema Rukaiya. "Na mtu akija kutazama akaniuliza, nitamwambia ni yenyewe."

"Sikuuliza hivyo."

"Nimekusikia ulivyouliza. Endesha gari."